Mbwa wa Idara Moja, Mgonjwa wa Idara Nyingine: Mwongozo Kamili wa Kufanya Kazi Kuvuka Mipaka ya Taasisi za Umma

Mtoto ameng'atwa na mbwa. Zahanati inamwosha kidonda, inamchoma chanjo ya kwanza, inamwandikia tarehe ya kurudi. Kazi ya afya imeishia hapo. Mbwa mwenyewe bado anazurura, na mwenye mamlaka ya kumfuatilia ni daktari wa mifugo, ambaye hana habari. Kuandikisha mbwa ni kazi ya mamlaka ya mji. Kuwafundisha watoto namna ya kujihadhari ni kazi ya elimu. Taasisi nne, kila moja imefanya sehemu yake kama sheria inavyosema, na kichaa cha mbwa kinaendelea kama kawaida.

Nitautumia ugonjwa huu kuwa mfano katika mwongozo wote, maana unaonyesha tatizo bila kificho. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Na ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi unakatika. Ujuzi upo, chanjo ipo. Kinachokwama ni utawala. Chanjo ya mbwa inatoka kwenye fungu la mifugo, lakini nafuu yake inaonekana kwenye fungu la afya, ambalo halitanunua tena dozi nyingi kwa ajili ya waliong'atwa. Mkuu wa mifugo anapimwa kwa ng'ombe, kuku na masoko ya nyama. Mbwa watamwongezea nini kwenye taarifa yake ya mwaka? Si kwamba ana roho mbaya. Mfumo ndio uliomwelekeza huko.

Kwa hiyo nianze na msimamo wangu. Mpaka wa taasisi hauvukwi kwa moyo wa ushirikiano wala kwa kaulimbiu. Vinavyopaswa kuvuka ni vitu vinne vinavyoshikika: taarifa, fedha, uamuzi na lawama. Kama mpango wenu haujasema hata kimoja kati ya hivyo kitavuka vipi, mna kikao tu. Tena usiuchukie mpaka. Uliwekwa ili ijulikane nani anajibu kwa fedha ipi na kwa sheria ipi. Kazi yako ni kutafuta mahali pa kuweka mlango, ukuta ubaki.

Hatua ya 1: Fuata faili moja, kwa miguu

Usianze kwa kuitisha kikao. Anza kwa kuchukua visa halisi vitano hadi kumi, vilivyofungwa karibuni, na kuvifuata kimoja kimoja kutoka mwananchi alipoingia mlangoni hadi suala lake lilipoishia. Nenda masjala, nenda dirishani, kaa na karani. Kwa kila kisa andika: nani alilishika, alilishika siku ngapi, alimkabidhi nani, na alimkabidhi kwa njia gani (barua, simu, au alimwambia mwananchi "nenda ofisi ile"). Hiyo njia ya mwisho ndiyo utakayoikuta mara nyingi, na ndiyo inayopoteza watu, kwa sababu aliyebeba taarifa ni mgonjwa.

Unachokitafuta si mzembe. Unatafuta mahali ambapo kila mtu alitimiza wajibu wake na bado suala likafa. Nchini Uingereza, uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming kuhusu kifo cha msichana wa miaka 8 aliyeteswa na walezi wake jijini London mwaka 2000 ulifanya kazi ya aina hii kwa kina cha kutisha. Ustawi wa jamii, polisi na hospitali, wote walikuwa wamemwona. Ripoti, iliyotoka Januari 2003, ilihesabu si chini ya nafasi 12 ambazo huduma hizo zingeweza kumwokoa. Kila ofisi ilikuwa na kipande chake cha habari. Aliyevikusanya vipande vyote mezani hakuwepo.

Mwisho wa hatua hii uwe na karatasi moja yenye mstari wa safari ya kisa na alama nyekundu palipokatika. Karatasi hiyo itakufaa kuliko andiko la kurasa hamsini. Ukiiweka mbele ya wakuu wawili wanaolaumiana, wataacha kubishana kuhusu nani hafanyi kazi na kuanza kubishana kuhusu alama nyekundu.

Hatua ya 2: Jiulize kama unauhitaji ushirikiano kweli

Kuna ngazi tatu. Kupashana habari: kila mmoja anaendelea na lake, ila anamjulisha mwenzake. Kuratibu: kila mmoja anabaki na mamlaka yake, lakini ratiba na malengo yanapangwa pamoja. Kuunganisha: watu, fedha au mamlaka vinawekwa chini ya uongozi mmoja. Kila ngazi ni ghali kuliko iliyotangulia, kwa muda na kwa ugomvi.

Chagua ngazi ya chini kabisa inayotibu alama nyekundu. Kama tatizo ni kwamba daktari wa mifugo hajui kuna mtu ameng'atwa, dawa yake ni ujumbe wa simu siku hiyohiyo, si tume. Nimeona kikosi kazi kikiundwa kwa jambo ambalo makarani wawili wangelimaliza kwa kupeana namba.

Hatua ya 3: Jua kila mwenzako anabanwa na nini

Kabla ya kikao cha pamoja, onana na kila mkuu peke yake, ofisini kwake. Mbele ya wengine atakupa msimamo wa taasisi. Akiwa peke yake atakueleza hali yake. Uliza mambo manne.

Sheria yenu inawaruhusu na kuwakataza nini? Bosi wako anakupima kwa nini? Fedha zako zimefungwa kwenye kasma (vifungu vya bajeti) zipi, na mwaka wenu wa fedha unaanza lini? La nne ndilo muhimu kuliko yote, nalo huulizwa kwa upole: jambo hili likiharibika, nani ataitwa kujieleza? Mtumishi wa umma mara chache husifiwa kwa kuisaidia idara jirani, lakini anajua hakika kwamba mkaguzi wa hesabu atamuuliza kwa nini dereva wake alikuwa kwenye shughuli isiyomhusu. Usiidharau hofu hiyo. Usipoitafutia jibu la maandishi, itarudi kwa sura nyingine: "suala lako bado tunalifanyia kazi."

Katika mzunguko huohuo chunguza maneno. Afya ikisema "kisa" inamaanisha mtu aliyeng'atwa. Mifugo ikisema "kisa" inamaanisha mnyama aliyethibitishwa maabara kuwa na ugonjwa. Wakikaa pamoja wakasomeana takwimu, mmoja atadhani mwenzake anadanganya. Angalia ramani pia. Eneo la hospitali, eneo la ofisi ya mifugo na kata za mji huwa hazilingani, na usipokubaliana mapema ramani ipi itatumika, hutaweza kujumlisha chochote.

Hatua ya 4: Lengo moja, na namba yake

"Kuimarisha ushirikiano" si lengo. "Kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika kila kata kabla ya mwisho wa mwaka" ni lengo. Zingatia hayo maneno "katika kila kata". Wastani hudanganya: kata moja ikichanja karibu wote na jirani yake ikachanja wachache, wastani utapendeza machoni huku virusi vikiendelea kuishi kwa jirani. Kila utakapopima kazi ya pamoja, tafuta kipimo kisichomruhusu mmoja kujificha nyuma ya mwenzake.

Lengo lihusu matokeo kwa mwananchi, na liwe na mwenyewe. Mwaka 2012 New Zealand ilijiwekea matokeo 10 ya kufikiwa ndani ya miaka mitano katika sekta ya umma. Mengi yalivuka wizara, lakini kila moja lilikuwa na waziri na mtendaji mkuu wa kuliongoza, na maendeleo yakawa yanatangazwa hadharani. Kumi tu, kwa nchi nzima! Ukiona mpango wa taasisi nne una malengo thelathini na mbili, jua kila taasisi imeingiza yake na hakuna aliyekubali kuacha kitu.

Onyo dogo: waandae wakuu wako kwa namba za mwanzo. Zahanati zikianza kutoa taarifa vizuri, idadi ya waliong'atwa itapanda kabla ya kushuka. Usiposema hivyo mapema na kwa maandishi, mwezi wa tatu mtu atasimama na kutangaza kwamba mradi umeshindwa.

Hatua ya 5: Mkubaliane nani anaamua na nani anajibu

Manahodha wengi chombo huenda mrama. Ushirikiano wa taasisi unahitaji nahodha mmoja hata kama mabaharia ni wa vyombo tofauti. Taasisi kiongozi si lazima iwe kubwa au tajiri kuliko zote. Iwe ile ambayo, kazi ikishindikana, wananchi wataigeukia yenyewe kwanza.

Andikeni maamuzi yanayotarajiwa, moja moja, na mbele ya kila moja jina la cheo kinachoamua. Nani anasaini ratiba ya chanjo? Nani anatangaza mlipuko? Nani anaongea na vyombo vya habari? Swali hilo la mwisho huonekana dogo mpaka siku mbili za kwanza za mlipuko, taasisi mbili zinapotoa namba mbili tofauti.

Hadidu za rejea, yaani maandishi yanayoeleza kazi na mipaka ya kikundi, ziseme pia mjumbe anakuja na mamlaka gani. Mwakilishi ambaye kila jambo anajibu "nitalifikisha kwa mkuu" si mjumbe, ni tarishi. Omba barua ya mkuu wake inayotaja mambo anayoweza kuyakubali hapohapo. Na wekeni njia ya kupandisha mgogoro yenye siku zilizohesabiwa: maofisa wakishindwa kuafikiana ndani ya siku tano za kazi, suala linakwenda kwa wakuu wa idara, siku tano nyingine, kwa watendaji wakuu. Bila siku, mgogoro haupandi. Unalala.

Hatua ya 6: Fedha

Ushirikiano mwingi hufia hapa, kwa hiyo tutakaa.

Kwanza fanya hesabu ya nani anatoa na nani anapata. Chukua dozi za chanjo ambazo hospitali za eneo zilitumia mwaka jana kwa waliong'atwa, zidisha kwa bei ya dozi, ongeza muda wa wauguzi. Upande wa pili kadiria mbwa wa eneo. Chukulia ni 4,000: asilimia 70 ni mbwa 2,800, mara gharama ya kumchanja mmoja pamoja na usafiri. Weka safu mbili: anayelipa, anayenufaika. Majina mawili tofauti yakijitokeza, umeupata ugonjwa. Fedha zinatoka mfuko huu, faida inaingia mfuko ule. Ukumbuke pia kwamba faida haiji siku ileile. Mwaka wa kwanza afya italipa dozi zake kama kawaida na chanjo za mbwa zitalipwa juu yake. Ukiahidi akiba ya papo hapo utaumbuka.

Sasa una njia tatu.

Ya kwanza, kila mmoja alipe chake ndani ya mpango mmoja. Mifugo inanunua chanjo, afya inatoa gari na mafuta, elimu inatoa walimu wa kuhamasisha, mji unatoa viwanja. Hakuna fedha inayohama, mkaguzi hana la kuuliza, na mnaweza kuanza mwezi ujao. Udhaifu wake ni kwamba mmoja akipunguziwa bajeti katikati ya mwaka, mpango wote unachechemea. Hata hivyo mimi ningemshauri yeyote anayeanza aanzie hapa.

Ya pili, mwenye faida amlipe mwenye kazi. Afya inahamishia mifugo fedha za chanjo ya mbwa. Ni njia ya haki zaidi, lakini ina masharti: sheria ya fedha iruhusu uhamisho kati ya mafungu, uhamisho uombwe wakati wa kuandaa bajeti na si baada ya mwaka kuanza, na makubaliano yaseme fedha zisizotumika zinarudi kwa nani mwaka ukifungwa. Maafisa masuuli wote wawili, yaani wakuu wanaojibu kwa fedha za taasisi zao, waione rasimu mapema. Afisa masuuli anayeletewa karatasi ya kusaini siku ya mwisho hukataa, naye ana haki.

Ya tatu ni mfuko wa pamoja wenye msimamizi mmoja. Hii ina nguvu, na ni nzito. Scotland ilipotaka bodi za afya na halmashauri zihudumie watu wazima kwa bajeti ya pamoja, ilitunga sheria mwaka 2014, na mamlaka za pamoja zikaanza kazi kikamilifu Aprili 2016. Miaka miwili, na Bunge. Usijaribu kuunda kitu cha namna hiyo kwa hati iliyosainiwa na wakurugenzi wawili.

Njia yoyote utakayochagua, usisahau manunuzi na mali. Kanuni za manunuzi za taasisi ipi zitafuatwa? Gari lililonunuliwa kwa kazi ya pamoja litasajiliwa kwa nani, na nani atalitengeneza? Nimeshuhudia urafiki wa idara mbili ukivunjika kwa sababu ya matairi.

Hatua ya 7: Taarifa

Utakutana na sentensi "sheria hairuhusu kutoa taarifa hizo". Ijibu kwa adabu: kifungu kipi? Mara nyingine kipo, na lazima kiheshimiwe. Mara nyingi hakipo. Kuna mazoea, au barua ya zamani ambayo hakuna anayekumbuka aliyeiandika. Mkae na mwanasheria wa kila upande katika chumba kimoja, na swali liwe "tunawezaje kufanya hili kihalali", si "je, tunaruhusiwa". Ukimuuliza mwanasheria swali la pili, jibu salama kwake ni hapana.

Kisha punguza. Daktari wa mifugo hahitaji historia ya afya ya mtoto. Anahitaji mahali, tarehe, mbwa alivyokuwa, na simu ya mwenye mbwa kama anajulikana. Mambo manne. Kadiri unavyoomba kidogo, ndivyo unavyopewa haraka, na ndivyo siri za wananchi zinavyobaki salama.

Na taarifa irudi. Ushirikiano mwingi ni bomba la upande mmoja: wa mbele hutuma, wa nyuma hupokea na kunyamaza, na baada ya miezi mitatu wa mbele anaacha kutuma. Kwa mbwa, jibu lina thamani inayoonekana. Mbwa akipatikana, akawekwa chini ya uangalizi na akawa mzima baada ya siku 10, basi hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku alipong'ata, na tabibu anaweza kusitisha dozi zilizobaki. Zahanati imeokoa dawa, mtoto ameokoka sindano, na muuguzi atatuma kisa kinachofuata bila kukumbushwa. Tafuta jibu la namna hiyo kwenye kazi yako. Ukilipata, umepata injini.

Kuhusu mitambo, usikimbilie kujenga hifadhidata moja kubwa ya wote. Estonia, ambayo mfumo wake wa kubadilishana taarifa uitwao X-Road umekuwa ukitumika tangu 2001, iliacha kila taarifa ikae kwa mwenyewe. Taasisi nyingine huuliza kupitia njia salama, kila swali huachwa na alama, na mwananchi anaweza kuona ni nani aliyetazama taarifa zake. Wazo hilo linafaa hata pasipo kompyuta: daftari linalosema nani aliomba nini na kwa sababu gani.

Lakini mtambo hautibu tabia. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani iliandika mwaka 2004 kwamba vyombo vya usalama vilikuwa vimezoea kumpa habari yule tu aliyethibitisha anazihitaji, na ikataka wajibu wa kushirikishana uchukue nafasi ya mazoea hayo. Anayeficha habari hakuadhibiwa na mtu. Anayezitoa ndiye aliyekuwa hatarini. Kama katika taasisi yako ni hivyohivyo, mkuu lazima aandike waraka unaomlinda anayetoa taarifa kwa nia njema.

Hatua ya 8: Hati ya makubaliano, kurasa mbili

Baada ya hayo yote ndipo uandike hati, si kabla. Iwe na lengo na namba yake, nani anaamua nini, fedha kwa njia ipi, taarifa zipi zinavuka na kurudi, siku za kupandisha mgogoro, tarehe ya mapitio, na namna ya kujitoa. Hiyo ya mwisho watu huiona ni mkosi. Iweke. Taasisi inayojua mlango wa kutokea uko wapi huingia bila wasiwasi.

Hatua ya 9: Anza padogo

Chagua kata mbili au tatu, endesha kwa wiki sita, rekebisha, ndipo upanue. Vikao viwe vifupi na vianze na visa halisi vya wiki hiyo: vingapi viliingia, vingapi mifugo ilivipata siku hiyohiyo, vipi vilikwama na wapi. Muhtasari uwe na jedwali la nani, nini, lini. Basi.

Kinachofanya kazi kuliko kikao ni watu wa chini kufahamiana. Mpeleke muuguzi siku moja kwenye zoezi la kuchanja mbwa, na mpeleke ofisa mifugo zahanati asubuhi ya foleni. Baada ya hapo watapigiana simu kabla barua yako haijatoka masjala.

Yatakayokukwaza

Mtu atahamishwa. Kama ushirikiano ulisimama juu ya urafiki wa watu wawili, utaondoka naye. Ndiyo maana majukumu yanaandikwa kwa cheo, na anayeondoka atumie siku mbili kumtembeza mrithi wake kwa wenzake wote, ana kwa ana.

Kutakuwa na ugomvi wa sifa. Kampeni ikifaulu, kila taasisi itataka bango lake. Kubalianeni siku ya kwanza kwamba taarifa kwa umma hutoka kwa majina yote, na taasisi iliyolipa bila kunufaika itajwe kwanza. Haigharimu kitu.

Mmoja atazembea. Kabla ya kumshtaki juu, mtembelee na ile karatasi ya alama nyekundu, umuulize kimembana nini. Aghalabu utakuta kipimo chake cha kazi hakijabadilishwa: bado anapimwa kwa ng'ombe. Hapo mwenye kosa si yeye. Nenda kwa bosi wake na ombi moja tu, kwamba lengo la pamoja liingizwe kwenye mkataba wa utendaji wa ofisa huyo, hata kwa uzito mdogo.

Na siku ya mapitio, uliza kama mpango bado unahitajika. Ikiwa ujumbe wa zahanati kwenda mifugo sasa unatumwa kila siku bila msukumo, kikosi kazi kivunjwe, majukumu yaingizwe kwenye mwongozo wa kawaida wa kila idara, faili lifungwe na nakala ibaki masjala za pande zote.